Tafuta w

Oruro, saa mbili asubuhi, baridi inauma hata chaki.
Dirisha moja limezibwa kwa kadibodi,
wanafunzi thelathini na mmoja, makoti hayavuliwi.
Kitabu kinasema: "Bei ya karoti ni boliviano tatu
pungufu ya bei ya vitunguu."
Kinasema kwa Kihispania cha mjini
kwa watoto wanaohesabu kwa Kikechua cha jikoni,
na Limbert, anayekaa karibu na mlango,
anaandika tatu toa v.

Simwambii amekosa.
Namwambia, soma tena, polepole, kama barua ya mjomba wako.
Kisha tunafungua soko palepale, kati ya madawati:
Delmira ni muuza mboga, shali yake ndiyo meza.
Vitunguu ni boliviano tano. Karoti je?
Limbert anatoa tano kwenye tatu, midomo inatembea.
Delmira anajishika kiuno:
"Kwa hiyo nikupe karoti, halafu nikulipe mbili?"
Darasa linacheka hadi kioo kilichobaki kinaingia ukungu.
Naye anafuta kwa kiganja,
anaandika v kwanza, ndipo tatu.

Ukutani kwetu maneno yana makazi yao.
"Pungufu ya" imepangana na "zaidi ya", majirani wasioaminiana.
"Mara" ina chumba chake, maana huzaa haraka.
"Sawa" tumeiweka katikati,
na nimewakataza kuitamka kama mtu anayetaka kukata simu.
Sawa si ndiyo-nimesikia.
Sawa ni mizani iliyonyamaza.
Popote mkiikuta, ipigieni mstari.

Ijumaa nikaazima mizani ya mama yake Delmira,
ile ya sahani mbili, yenye harufu ya bizari.
Kushoto, vifuko viwili vilivyofungwa, na vipande vitatu vya sukari.
Kulia, vipande kumi na kimoja,
na vifuko viwili vitupu, ili haki itendeke.
Mkono wa mizani ukatulia.
"Msifungue. Kisomeni kifuko kama neno geni:
waulizeni majirani zake."
Wakatoa vitatu huku, vitatu kule,
wakagawa kwa mbili, wakapiga kelele: nne!
Kengele ikalia kabla hatujafungua.

Tuliporudi kutoka mapumziko
mizani ilikuwa imeinama kulia.

Hakuna aliyesema. Thelathini na mmoja wakachunguza viatu.
Ningeweza kupekua mifuko.
Lakini nimekulia mtaa wa wachimba bati,
najua sukari ni nini saa nne asubuhi.
Nikagawa karatasi ndogo:
"Kabla ya kutoka, kila mtu aniandikie fumbo.
Jibu msiandike."

Usiku, jiko la gesi likinguruma, nikazisoma.
Lama wa Yhoselin walizidi zizi.
Mtu mmoja alinunua kofia mia, hakueleza kwa nini.
Halafu karatasi ya Limbert,
Limbert ambaye tangu Februari hajaandika kitu
kirefu kuliko jina lake:

"Mvulana alichukua vipande w vya sukari.
Kimoja kilianguka matopeni.
Vilivyobaki aligawana sawa na dada yake wa darasa la kwanza,
kila mmoja akapata kimoja. Tafuta w"

Nikatafuta.
Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, njia naijua,
lakini niliipita kituo kwa kituo:
kimoja mara mbili, nikaongeza kile cha matopeni,
nikarudi nyuma kuhakiki, kama ninavyowadai wao.

Kalamu nyekundu ikakaa mkononi muda mrefu.
Kilichokosekana ni nukta tu, mwishoni.
Na neno sawa,
alikuwa amelipigia mstari mara mbili.