Prufu

Baba alikuwa msahihishaji wa prufu
katika kiwanda cha chapa, Barabara ya Kirinyaga,
na kosa lake moja lilimfuata hadi kustaafu:
kichwa cha habari, DIWANI AFAA,
kikatoka kimepungukiwa A ya mwisho.
Asubuhi watu wakafika kwa diwani na sukari, na turubai,
wakamkuta sebuleni anakunywa chai.

Nimelikumbuka hilo leo, ghorofa ya tatu, Chiromo,
mikono imo ndani ya glavu,
nimeziinamia seli za Mutheu.

Mutheu ana miaka saba. Anaishi Umoja.
Hutoka nje jua likishazama,
akaruka kamba chini ya taa ya mtaa,
na majirani wana mengi ya kusema juu ya mama yake.
Mchana ni mapazia, na blanketi juu ya mapazia.
Jua hili letu linalokausha nguo kwa saa moja
likimgusa shavu, T mbili jirani
hushikana mikono na kukataa kuachana.

Kwangu hutokea hivyo pia. Kwako pia,
ulipokatiza Jeevanjee adhuhuri bila kofia.
Ila sisi tuna wasahihishaji:
vimeng'enya vinapita, vinahisi uvimbe kwenye mstari,
vinakata kijipande, herufi kama thelathini hivi,
vinausoma uzi wa pili, vinaandika upya,
vinaondoka bila kudai posho.
Mkasi wa Mutheu ndio haukati.

Watu huniuliza, sasa wewe kazi yako hasa ni ipi?
Huwaambia: chukua neno barabara.
Tia mkazo silabi ya tatu, ni njia, vumbi, magari.
Tia ya pili, ni sawasawa, vile ipasavyo.
Herufi ni zilezile nane.
RNA nayo ina mikazo yake,
alama ndogo inayopachikwa juu ya A fulani
baada ya neno kwisha kuandikwa.
Mimi huzifuata alama hizo pale jua lilipochoma.

Jua langu ni la sanduku, lina swichi.
Jumanne umeme ulikatika mara mbili.
Wafula alikimbilia jenereta; mimi nikaegemea
mlango wa friji ya themanini chini ya sifuri,
nikiuzuia kwa mgongo
kana kwamba joto ni mdai wa kodi.
Seli zilinusurika. Sekunde ishirini za mwanga,
dakika mbili za kungoja, na alama zikafika.
Kwa Mutheu!
Zilikusanyika penye kidonda, nyekundu kwenye kioo,
kama wino wa Baba pambizoni.
Nikahesabu tena. Nikamwita Wafula ahesabu.
Basi mwili wake unajua. Unajua barabara
ni wapi palipoharibika. Umepiga mstari chini ya kosa,
umeandika tazama hapa,
na mchapaji hayupo.

Sikumwambia mama yake kwamba ni habari njema.
Si dawa. Ni makala, labda, yatakayorudishwa mara tatu
na watu wa mbali wanaotaka jaribio jingine.
Nilimpa karatasi nyeusi ya dirisha la jikoni.
Akauliza, "Kwa hiyo bado?"
Nikasema bado.

Jioni nikapitia Pumwani.
Macho ya Baba sasa huona mwanga na kivuli, basi,
kwa hiyo mimi ndiye humsomea gazeti,
naye hufumba jicho moja, mazoea ya zamani.
Ukurasa wa tisa akainua kidole.
"Rudia. Hapo pana herufi imedondoka."
Nikarudia. Kweli.
Mkono wake ukaenda mfuko wa shati,
pale kalamu ilipokaa miaka thelathini na moja,
ukapapasa, ukapapasa.

Nikampa yangu.