Miili Miwili Mezani

Nandonde kazileta toka Dar, zimeviringishwa taulo la hoteli,
akazilaza juu ya daftari la madeni,
moja kushoto, moja kulia,
kama anayeniuzia njiwa.
"Chagua. Jumatatu napanda basi."

Kamera zisizo na kioo.
Somoe akacheka: "Sasa zinajitazama wapi?"

Ya kushoto nyepesi. Ukiishika ni kama hujashika kitu,
na mimi nilivyolelewa, kitu cha milioni tatu
sharti mkono ukijue.
Inapiga picha ishirini kwa sekunde.
Nani hapa Newala anakwenda mbio hivyo?
Hata ukungu wetu hupanda toka bondeni taratibu,
ukifika unakaa mpaka saa tatu.

Ya kulia nzito, imetumika, kona moja imechubuka
hadi chuma kinachungulia,
lakini ina matundu mawili ya kadi.
Mawili! Hapo moyo ulinidunda.
Ninayo harusi moja ya Kitangari isiyopo popote
ila vichwani mwa waliokula pilau lake.
Kadi ilikufa usiku, mimi nikafa asubuhi,
na mama wa bibi harusi mpaka leo
akiniona sokoni anavuka barabara.

Betri? Zote walafi,
kama wageni wasiojua chungu ni kimoja.
Na umeme wenyewe mnaujua.

Vumbi? Mwezi wa sita salfa ikipulizwa mikoroshoni
hewa yote njano, kope njano, mate njano.
Fundi wa Masasi aliifungua kamera yangu ya zamani
akaniuliza kama huwa nailaza shambani.

Jumamosi nikazibeba zote mbili ngomani.
Alikuja mcheza lipiko toka ng'ambo ya Ruvuma,
kifundo cha mguu kinatetemeka peke yake.
Ya kushoto ikatoa kile kijisanduku chake cha kijani
kinachowinda macho ya watu,
kikatua kwenye jicho la mti,
kikaridhika, kikang'ang'ana hapo.
Macho ya kweli yalikuwa kwingine.
Wapi, sisemi. Waliopita jandoni wanajua.
Kamera haijapita, nitailaumuje?

Kisha wakatoka wali, saba, khanga bado zina gundi ya dukani,
wakajipanga ukutani, wakabana pumzi.
Nikapiga kwa ile ya kushoto.
Kimya.
Wakaendelea kubana.
"Umeshapiga?" mmoja akauliza kwa pembe ya mdomo.
Nilikuwa nimeshapiga arobaini.

Nikachukua ya kulia.
Kacha!
Vifua saba vikashuka pamoja,
wa mwisho akacheka, akamwangukia mwenzake begani,
nyanya zao wakapiga vigelegele,
na picha yenyewe ikaja hapo, baada ya picha.

Usiku Nandonde akanitetea ya kushoto:
"Sauti unaiwasha tu. Imo kwenye menyu. Zipo tatu, unachagua."
Akaiwasha. Ikalia.
Somoe hakuinua kichwa kwenye hesabu zake:
"Inacheka kama mdaiwa."

Hesabu zenyewe hazikutaka kukaa sawa.
Mnada wa tatu fedha haijaingia,
korosho zetu zimeshushwa daraja la pili
kwa unyevu ambao mimi sikuuona.
Nilitoa nilichokuwa nacho. Imebaki laki nne,
ameiandika Nandonde kwenye kiganja, kwa kalamu,
eti asisahau akinawa.

Jumatatu basi limeondoka na taulo, na ile nyepesi,
na kiganja kile.
Nimebaki na nzito.
Kila nikiishika, dole gumba linakwenda lenyewe kwenye kona iliyochubuka,
linaingia sawasawa.
Kuna mtu aliiangusha hii.
Nakaa mlangoni pa studio nawaza:
alikuwa anapiga nini,
na je, alikipata?