Safu ya Ujuzi

Siku ya kwanza, Surkhet, katika ukumbi wa hoteli,
mkufunzi kutoka Kathmandu alichora piramidi,
akauliza: rasilimali watu ni nini?
Tulitazama meza. Palikuwa na biskuti
na chupa ya maji kwa kila aliyemo orodhani.

Lokendra wa uhasibu akatangulia:
"Ni watu waliosoma." Mwingine: "Ni vyeti."
Binti wa idara ya kazi akasema, bila mzaha,
"Ni wanaopanda ndege Jumanne na Ijumaa
kwenda Doha, wakatuletea fedha."
Mkufunzi aliyaandika yote kwa kalamu ya kijani,
akayafungia ndani ya duara moja.

Mimi ni karani. Mali bila daftari
huisha bila habari, najua;
ila kwangu daftari limejaa,
mali ndiyo sijui iko ukurasa gani.

Purnakala Gharti alikaa nyuma, karibu na mlango.
Jina lake halikuwamo. Aliletwa
kwa sababu mkubwa wake aliogopa viti vitupu.
Yeye ndiye hufungua na kufunga maji ya mji:
huweka spana juu ya bomba, sikio juu ya spana,
akakwambia ufa uko wapi,
na kama ni wa leo au wa juzi.
Kwenye fomu yake: Elimu, hakuna. Ujuzi, hakuna.
Mwandiko ni wangu.

Siku ya pili, saa tano, maji yakakatika.
Mkufunzi akatoka msalani na povu mikononi,
kaiinua juu kama daktari wa upasuaji,
ukutani slaidi ikisema UWEZO.
Purnakala alikuwa keshatoka. Tulimwona dirishani,
kapiga magoti topeni, kichwa kimeinama,
akituashiria tunyamaze.
Watu arobaini wenye shahada
tulinyamaza.

Kisha bomba likakohoa.

Vyeti viligawiwa siku ya tatu. Chake hakikuchapwa.

Usiku ule nililitoa jalada lake, nikakata "hakuna",
nikaandika: anasikia maji.
Baada ya mwezi fomu ikarudi kutoka makao makuu,
na wino mwekundu pembeni:
"Safu hii hujazwa kwa tarakimu."

Nimekaa nayo. Kumi na tisa ni miaka yake kazini.
Sifuri ni likizo alizopewa.
Najaribu namba moja moja,
kama mtu aliyefungiwa nje
na funguo za nyumba nyingine.