Viungo

Nauza viungo, msidhani vya mchuzi:
miguu ya udongo, mikono, masikio,
matiti mawili juu ya kibao kimoja,
jicho lisilo kope.
Mume wangu Katirigo huvichoma tanurini nyuma ya zizi,
nami huvipanga dirishani
kati ya mitungi ya mvinyo na viatu vya chuma vya nyumbu.

Barabara ya Warumi inatoka bondeni imenyooka kama amri.
Ikifika mlangoni petu inapiga magoti.
Kuanzia hapa ni mawe, misonobari, theluji ya mwezi wa tano,
na kileleni mungu ambaye kila mgeni humwita kwa jina la kwao.
Hajali. Au hasikii.
Sijapanda kumuuliza.

Miaka kumi na tisa nawatandikia vitanda waendao kumwona.
Nawajua kwa nyayo. Tajiri ana mguu wake wa shaba mfukoni
na hulalamikia kunguni.
Bibi mmoja alileta kuku, sadaka;
usiku kuku akataga. Tulilila lile yai mimi naye,
tukakubaliana kwamba mungu alihesabiwa kuku tu.

Na Senila, mwendesha mikokoteni, kiziwi tangu ukubwani,
alinunua sikio, akapanda, akashuka siku ya tatu.
Nikamuuliza kwa mikono: vipi?
Akacheka hata akaketi kizingitini.
"Nimemwachia. Labda mwenye shida nalo ni yeye."

Kiko kiungo kimoja sijakiuza.
Kimekaa nyuma ya gudulia la shayiri: mkono mdogo,
kidole gumba hakikukaa sawa.
Katirigo aliufinyanga usiku homa ilipompanda Belatula wetu.
Tukasema, kesho utaingia motoni,
keshokutwa mmoja wetu atapanda nao.
Kesho ikaja na wageni wanane, nyumbu kumi na mmoja.
Keshokutwa hapakuwa na haja.

Ungali mbichi. Tone la maji litaurudisha kuwa tope.
Naupangusa kwa unyoya wa bata.

Jana mama mmoja, mtoto mgongoni, aliuona.
Akauliza bei.
Nikamwambia, huo una ufa.
Kisha nikamwita Katirigo aache kupakua mizigo,
afinyange mwingine, sasa hivi,
aukaushe kando ya jiko langu,
na tanuri liwashwe usiku huuhuu,
kuni zote,
hata zile za kupikia.
Wageni wangoje supu yao.