Hesabu ya Jioni

Saa kumi na mbili na robo, mlima ukishajivutia blanketi,
nilikuwa naacha cherehani, nasimama mlangoni pa banda,
nawahesabu wakipanda ubaoni:
Mwenyekiti kwanza, siku zote, na hataki kusukumwa;
Posta, manyoya rangi ya bahasha;
Riba, anayekula cha kwake na cha mwenzake;
Kishingo, uchi mpaka mabegani, wala hana habari;
na yule mdogo niliyemwita Deni,
kwa kuwa niliachiwa na mteja
aliyeshindwa kumalizia pesa ya gauni la kipaimara.

Watano. Nafunga komeo. Nalala.

Sikuwataka. Asiniambie mtu nilizaliwa na huruma.
Kwetu Kibosho kuku alikuwa mchuzi unaotembea.
Mama alimkanyaga mabawa, akamwambia pole,
na firigisi ilikuwa ya baba, hakuna mjadala.
Lakini Deni alikuja anatetemeka, Julai ile ya ukungu,
nikamlaza kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa,
kati ya pedali na jiko la mkaa.
Akapona. Akaamua pale ndipo kwao.
Yai lake la kwanza alilitaga juu ya gauni la msimamizi wa harusi,
satini ya zambarau, hata pindo sijakunja.
Nilipiga kelele. Kisha nikaligusa:
joto lake kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini.
Msimamizi sikumwambia. Alipendeza.

Shemeji Eliufoo naye akashuka siku moja bila taarifa,
akakaa, akatazama uani, akatabasamu
tabasamu la mtu aliyekwisha kunawa mikono.
"Umefuga," akasema.
"Nimefuga," nikasema, nikatokea mlango wa nyuma
mbio mpaka soko la Mbuyuni,
nikanunua jogoo nisiyemjua jina,
nikamchinjisha hukohuko, nikamnyonyolea hukohuko,
nikarudi naye ndani ya kanga kama mwizi wa mchana.
Alikula, akasifu, akalamba kidole:
"Wa kufuga mwenyewe ana ladha yake, shemeji."
Mwenyekiti alikuwa chini ya kiti chake
anaokota punje za wali.

Kisha Septemba, vumbi la Pasua, na kideri.
Nilikuwa nimechelewesha matone. Wiki moja.
Naijua wiki yenyewe: ya sare za shule,
sketi arobaini na mbili za bluu.
Kishingo alianza; shingo ikajipinda
kama anayetafuta kitu alichoangusha nyuma.
Posta kesho yake. Mama Ndeonansia akapaza sauti ng'ambo ya ua:
"Mchinje kabla hajafa, usipate hasara mara mbili!"
Hasara ya kwanza niliijua.
Ya pili sijui aliihesabu kwa kidole gani.
Riba alikwenda usiku. Mwenyekiti
alikataa kushuka. Alifia juu, ubaoni, mahali pake,
nikambandua kidole kimoja kimoja.

Nilichimba nyuma ya mgomba, gizani, kwa jembe la kuazima.
Mama mzima wa miaka hamsini na minne analilia kitoweo:
mtaa ungepata la kusema mpaka Krismasi.
Manka aliponipigia, nilimwambia
sauti imekauka kwa moshi wa mkaa.
Akasema, "Mama, nunua gesi."

Deni amebaki. Labda kikapu kilimwokoa, labda ubishi.
Tarehe za matone nimeziandika kwa chaki ukutani,
juu ya vipimo vya viuno vya watu.
Jioni sihesabu. Moja si hesabu.
Ila mkono haujajifunza: asubuhi
bado unachota pumba za watano,
naye anazitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili,
kama mteja aliyerudishiwa chenji iliyozidi
na hajaamua
kama atasema.