Nyumba Isiyo na Ardhi

Mume wangu Aminieli anawinda kitu kisicho na miguu.
Kimo ndani ya spika, anasema, kinavuma
kama nyuki aliyefungiwa chupani
hata sindano ikiwa haijagusa santuri.
Mimi sikukisikia. Miaka thelathini na moja ya wodi za Mawenzi,
zamu za usiku, kengele za wagonjwa:
masikio yangu yalijifunza kuchagua.

Lakini mafao yake yote ya kiwanda cha kahawa
yamekaa pale sebuleni, meusi, mazito,
na amplifaya ya valvu inayowaka
kama chai ya rangi kwenye glasi.
Mzee hawezi kuishi na nyuki.

Akaanza na friji yangu.
Akachomoa plagi, akasikiliza, shingo upande:
"Imepungua kidogo."
Tukanywa mtindi siku tatu.
Kisha chaja ya simu. Kisha taa za bei rahisi
nilizonunua Mbuyuni, aking'oa moja baada ya nyingine,
tukala makande kwa mshumaa.
Kisha nyaya: wa umeme usilale na wa sauti,
wakilazimika kukutana wakutane kwa msalaba.
Akawa kama matroni wa bweni,
hawa huku, wale kule.

Fundi wa mageti ng'ambo ya barabara
kila akichomelea, spika zinakoroma.
Aminieli akamwendea na mkungu wa mshare,
akaomba Jumapili ya kimya.
"Mzee, Jumapili mimi niko kanisani."
"Basi Jumamosi jioni."
Ndizi zilipokelewa. Kuhusu Jumamosi hakusema kitu.

Jumanne umeme ukakatika Rau nzima.
Nikamwambia gizani: haya, kimya chako hicho.
Hakucheka.
"Kimya bila muziki," akasema,
"ni sahani iliyooshwa na njaa ingalipo."

Ndipo akaja fundi Kishe na mita yake,
akapima soketi zote, akatikisa kichwa:
"Nyumba hii haina ardhi."
Nikacheka mpaka nikakaa chini.
Na udongo wote huu wa mlima, unaoshika viatu mpaka kitandani!
"Waya wa ardhi, mama. Umeme uliopotea hauna pa kwenda,
unazunguka humu ndani kama mgeni ambaye hakuna wa kumsindikiza."

Wakachimba nyuma ya migomba.
Nondo ya shaba ikagonga jiwe mara mbili,
wakahama hatua tatu, wakaanza upya.
Mkaa, chumvi ya mawe, ndoo za maji ya mfereji.
Mama Ndeshi akachungulia juu ya masale:
"Mmeipata mali ya Mjerumani?"
"Tunairudishia," akajibu mume wangu, jasho likimtoka,
mkono mmoja umeshika mgomba.

Jioni ile aliniita. Kaa hapa, katikati.
Akawasha. Valvu zikapata rangi.
Nikamsubiri nyuki.
Hakuna.
Kimya kirefu kama kisima, ukiinamia unajiona.
Sindano ikashuka. Kabla ya gitaa
kiti cha mpigaji kikalia kidogo,
kidole kikateleza juu ya uzi.
"Umesikia?" akanong'ona, macho yamelowa. "Umesikia?"

Nilisikia.
Mkono wangu wa kushoto, kifua chake:
mluzi mwembamba mwishoni mwa kila pumzi,
na chini, kwenye kitako cha mapafu,
maji yakitokota polepole,
sauti niliyoiandika kwenye mafaili ya waume wa wengine.
Tangu lini? Chini ya friji, chini ya mvumo,
chini ya masikio yangu haya hodari wa kuchagua?

Nikahesabu kwa saa ya ukutani. Ishirini na sita kwa dakika.
Gitaa likaendelea, safi, kila uzi mahali pake.

Kesho asubuhi tunakwenda Mawenzi, nikasema.
"Kufanya nini?"
Vaa shati la vifungo.
Akaniangalia, akanyanyuka taratibu,
akageuza santuri upande wa pili.