Ngazi Thelathini na Moja

Nilisimama mlangoni kwake Birgu,
mkoba begani, jasho la Julai likiniwasha macho,
na kabla sijafungua kinywa
Bi Ċensa akavuta komeo, akasema: "Merħba."

Nikashtuka. Nani huyu ananiitikia
shikamoo ambayo sijaitoa?
Nikaitoa, basi, kwa kuchelewa,
kama mtu anayelipa nauli akishashuka.

Nyumba ni ya mawe ya rangi ya asali,
mawe laini, ukiyapitisha ukucha unaondoka na unga.
Chumvi huyala kama panya: huuma, hupuliza.
Fundi Wistin alikuwa sebuleni na tindo yake
akibandua ukuta, rangi chini ya rangi,
kijani, samawati, kisha chokaa
ambayo hakuna aliye hai anayemjua aliyeipaka.
"Huyu alikuja na msalaba kifuani," akasema, gamba likianguka.
"Huyu na bendera ya rangi tatu. Hakukaa.
Huyu katuachia chai ya maziwa na kuendesha kushoto."
Tindo ikagonga jiwe lenyewe,
na ndani ya jiwe, kombe,
kombe la baharini, dogo kama ukucha wa mtoto,
lililofika kabla ya wote
na halikumwomba mtu funguo.

Wistin akalipuliza vumbi.
Akauliza kama kuna kahawa.

Alasiri Bi Ċensa alinishusha chini ya nyumba,
kwenye pango walilochimba wakati wa mabomu.
Taa ya simu mkononi, tukahesabu ngazi,
yeye kwa lugha yake, mimi kwa yangu.
Moja, mbili, tatu, nne, tano,
kila mtu na lake, kama watu kwenye foleni ya benki.
Sita, nikasema.
"Sitta," akasema.
Tukasimama gizani, mguu hewani.
"Sebgħa."
Saba.
Nane ikatutenganisha. Tisa ikaturudisha.
Kwenye kumi kila mtu akaenda kwao
(kumi yangu ni ya wenye majembe, haikuvuka maji),
lakini ishirini ilitukuta pamoja tena,
na thelathini zetu zikagongana vichwa.
Ya thelathini na moja imevunjika.
Hakuihesabu. Alinishika mkono tu.

"Hapa mama alimzaa kaka yangu Żaren."
Ukutani kishimo cha mshumaa, masizi bado meusi,
na mikwaruzo ya msumari, mistari mitano mitano.
Siku? Mikate? Aliambiwa, amesahau.
Żaren yuko Melbourne,
halali chumba kisicho na dirisha.
Kila Krismasi hupiga simu na kuuliza
kama kisima cha uani kina maji.
Kisima kilifukiwa zamani.
Kina, humjibu.

Jioni akanionyesha kanisa la mtaani.
Lina saa mbili: moja inakwenda,
ya pili imechorwa, akrabu zake hazisogei,
ili Ibilisi asijue wakati wa kufuata roho.
Nikamweleza kwamba kwetu akrabu ikisimama kwenye nane
sisi twasema saa mbili,
na aliyechelewa amechelewa kwa hiari yake.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Maskini shetani," akasema. "Huko kwenu
ameshakata tamaa, kaomba likizo."

Asubuhi ya kuondoka, teksi ikinguruma,
akaniambia "saħħa", nami nikasikia siha,
nikatafuta la kumrudishia,
nikapekua mifuko yote ya kichwa,
likatoka lile lile la siku ya kwanza:
Marahaba.

Alikuwa ameshageuka, mkono kwenye mlango.
Akanitazama juu ya bega.
"Unanikaribisha nyumbani kwangu?" akasema.
"Haya. Wala si wewe wa kwanza."
Akaingia, akavuta komeo.